Timu Tuliyoigawana

Vuta kiti, mwanangu, ukae vizuri, maana ninalotaka kukwambia si la kusikiliza mtu amesimama. Juzi umechaguliwa kwenye kamati ya chama chetu cha Wapemba wa hapa Johannesburg, na kazi ya kwanza ya kamati ni kupokea wageni. Ndiyo sababu nimekuita kabla hujapokea hata mmoja. Kuna Ijumaa moja ya mwaka 2017 ambayo hainitoki. Kila ikinijia huwa naipitia upya, kama mtu anayekagua nguo aliyoiharibu, natafuta mahali ambapo mkasi ungeweza kupita kwingine. Mahali penyewe nimepaona siku nyingi. Kupaona hakujanisaidia kitu.

Wakati ule mimi nilikuwa bado naitwa kijana. Usicheke. Ndevu zilikuwa zimeshaingia mvi, lakini kwenye chama chetu kila mwanamume alikuwa kijana mbele ya Bi Zuhura, yule mama aliyekuwa akiuza kanga na udi soko la Newtown. Alikuwa amewazidi wote umri, na alikuwa na ulimi usiojua cheo cha mtu. Kwa hiyo nikisema ujanani mwangu, elewa hivyo: nilikuwa mtu mzima ambaye bado ana mkubwa wa kumkemea. Ni neema hiyo, mwanangu. Siku hizi sinayo.

Sasa nikueleze mashindano yenyewe, maana nyinyi mmezoea mpira wa Ulaya kwenye simu. Kulikuwa na mashindano ya klabu bingwa za visiwa vya bahari yetu. Kila kisiwa kinapeleka klabu moja, wanacheza nyumbani na ugenini, mabao yanajumlishwa, anayezidi anasonga mbele. Msimu ule klabu ndogo ya kwetu Pemba ilipata nafasi. Wachezaji wake walikuwa makarani, wachuma karafuu, mmoja fundi wa baiskeli. Ilipopita raundi ya kwanza watu walisema ni bahati. Ilipopita ya pili watu wakanyamaza, wakawa hawataki hata kusema, wasije wakaitia kijicho. Ikafika nusu fainali. Ikawafunga mabingwa wa Morisi bao moja kwa bila pale nyumbani, na marudiano yalikuwa huko Morisi. Sare tu ingetosha kuingia fainali. Hakuna mtu yeyote wa Pemba aliyewahi kuona jambo kama hilo.

Na visiwa vina shida moja ambayo watu wa bara hawaijui. Ukiwa kisiwani, kisiwa cha jirani ni mbali kuliko Ulaya. Hakuna ndege ya kutoka hiki kwenda kile. Lazima uje kwanza bara, ushuke, ulale, ndipo upande nyingine. Njia ya timu yetu kwenda Morisi ilipita hapa. Wangefika Ijumaa mchana, walale, waondoke Jumamosi asubuhi, wacheze Jumapili.

Habari hizo zilipofika, chama kizima kilipagawa. Tulikutana kwangu, mtaa wa Berea, kwenye kile chumba nilichokuwa nashonea, watu wamekaa mpaka juu ya meza ya kukatia nguo. Kumbuka hali zetu zilivyokuwa. Sisi ni watu ambao hapa tunaitwa wageni kila siku, na kwa jina baya. Mara moja katika maisha tungekuwa wenyeji. Kila mtu alitaka mgeni. Wa Wete wanataka vijana wa Wete, wa Chake wanataka wa Chake, wa Mkoani wanasema wasiguswe wa kwao.

Alikuwapo pia jirani yangu wa ghorofa ya chini, Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye tulimwomba minibasi yake iwachukue wachezaji. Alinyanyua mkono kama yuko darasani.

“Mandugu, muniache niseme kidogo,” alisema kwa Kiswahili chao. “Kanisa yetu iko na nyumba kubwa ya mikutano kule Kempton Park, karibu kabisa na pale ndege zinatokea. Matela iko, blanketi iko, maji ya moto iko. Batoto balale pale pamoja. Asubuhi ni dakika kidogo tu, bamefika.”

Watu wakatazamana kwa namna ile ambayo hata yeye aliielewa. Kisha Mbarouk, mwenzetu wa chama, akasema, “Papa, ahsante sana. Lakini Wapemba walale kanisani, kwenye mabenchi, na sisi wenyewe tupo? Wakirudi watasemaje?”

“Mabenchi haiko,” alisema Papa Ilunga. “Sisi tunakaa juu ya viti ya plastiki.”

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akashusha mkono wake.

Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa kwenye kona karibu na cherehani, anapepea kwa kipande cha karatasi ya mshono. “Hebu niambieni,” alisema, “hao vijana wanakuja kucheza au wanakuja kuposa?”

“Bi Zuhura, mgeni njoo mwenyeji apone,” Mbarouk akamjibu.

“Apone nini? Wewe unaumwa?”

Tulicheka tena, Mbarouk naye. Lakini baadaye nilikuja kufahamu kwamba kweli alikuwa anaumwa. Mbarouk alikuwa na duka la spaza, yale maduka madogo ya mtaani, huko Soweto, na nyumba nyuma yake, ndiye aliyejaaliwa kuliko sote. Miaka miwili kabla, siku zile za fujo dhidi ya wageni, duka lile lilivunjwa likabebwa mpaka rafu. Akaanza upya na mfuko mmoja wa sukari. Ukuta akaupaka rangi, chumba cha wageni akakitia kitanda cha mninga. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kukilalia kitanda hicho. Alitaka mtu mmoja tu, mtu ambaye neno lake linasikika Pemba, alale pale usiku mmoja, arudi akaseme: Mbarouk anaishi kama mtu. Si dhambi, mwanangu. Hata leo simlaumu kwa kulitaka hilo. Naliona tu lilivyotufikisha.

Kwa hiyo tukagawana timu kabla haijatua. Vijana wengi wakaja Berea na mitaa ya jirani. Mkuu wa msafara akawa wa Mbarouk, Soweto, mbali kuliko wote, kwa sababu mgeni mkubwa hupewa nyumba kubwa.

Mkuu wa msafara alikuwa Mwalimu Shaame. Ndiye aliyekuwa pia kocha, kwani klabu ndogo haina watu wa kugawa vyeo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, suti ya kahawia, sauti ya chini. Walipotoka kwenye ukaguzi wa uhamiaji pale uwanja wa ndege alisimama mlangoni, akakusanya pasipoti za vijana mmoja mmoja, akazitia kwenye begi jeusi alilolivaa kifuani. Hiyo ni kawaida ya timu ndogo zote. Vijana hupoteza vitu, kwa hiyo pasipoti hukaa mahali pamoja, kwa mkubwa. Ni kawaida nzuri. Inataka sharti moja tu, kwamba mwenye begi asiachane na timu.

Tulipomwambia mgawanyo wetu, Mwalimu alishukuru, kisha akasema, “Kama ingewezekana, mimi ningelala na vijana wangu. Hata chini.”

“Mwalimu, chini sisi tukiwapo?” alisema Mbarouk, na mkono wa mzee tayari umo mkononi mwake.

“Tumezoea. Ni usiku mmoja tu, na asubuhi tuna safari.”

“Asubuhi nitakuleta mwenyewe kwa gari yangu. Mwalimu, utanivunjia heshima.”

Hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa mlango. Wewe umezaliwa hapa, huenda hulijui hili. Kwetu mgeni akikataa mara ya kwanza, huhesabiwa ni adabu. Akikataa mara ya pili, ni adabu zaidi, na mwenyeji huzidi kushikilia. Akikataa mara ya tatu, amemtukana mwenyeji wake. Watu wote wa kwetu wanalijua hilo bila kufundishwa. Mwalimu Shaame alikuwa ana haja ya kweli, akaisema mara mbili, na mara zote mbili sisi tukasikia adabu. Ya tatu hakuisema. Aliona haya. Akaingia garini kwa Mbarouk na lile begi kifuani, na sisi tuliobaki tukapeana mikono kwa furaha.

Mimi nilimchukua Makame, nahodha, beki wa kati. Ni mtoto wa dada yangu. Alipanda ngazi za ghorofa yetu polepole, anashika ukuta, nikaona goti lake la kulia limefungwa.

“Mjomba, nilikuwa nataka kulala na wenzangu,” aliniambia tulipokuwa tunakula.

“Mama yako akisikia umefika Johannesburg hukulala kwangu, ataniuma.”

“Mama atakuuma wewe, mimi Mwalimu ataniuma. Nani mwenye meno?” Alicheka, nami nikamwongezea wali. Kisha akaliweka lile goti juu ya kigoda, akawa analikanda. “Daktari amenambia niache tangu mwaka jana. Mimi nimepatana nalo, Mjomba. Nimeliomba mechi mbili. Hii ya Jumapili na fainali. Baada ya hapo likitaka nitembee na fimbo, nitatembea.”

“Na msipoingia fainali?”

“Tutaingia,” alisema, kama mtu anayekwambia kesho ni Jumamosi. “Mimi miaka yote nacheza, watoto wa mtaani kwetu wananiuliza, Makame umeshinda nini? Sina jibu. Mwaka huu nitakuwa nalo.”

Asubuhi Papa Ilunga aliwakusanya vijana mapema, mlango kwa mlango, wakashuka na jezi zao za kijani na macho ya usingizi. Wengi walikuwa wamelishwa mpaka wanatembea kwa shida. Nilipanda nao kwenda kuwasindikiza. Njiani, tukiwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, ya mwisho kabla ya barabara kuu, redio ikasema wenye teksi wamegoma. Unazijua hizo basi ndogo za hapa, wakigoma hawakai nyumbani. Walikuwa wamefunga barabara kadhaa za kutoka Soweto, matairi yanawaka katikati ya njia. Papa Ilunga akazima redio. “Bazee wako upande ule,” alisema.

Sisi tulifika bila tabu. Timu nzima ilikuwa pale, mizigo iko pale, hata mipira iko pale kwenye wavu wake. Nikampigia Mbarouk.

“Tumesimama,” alisema. “Mbele ni moshi mtupu, na nyuma magari yameshajipanga. Siwezi kurudi wala kwenda.”

“Na begi?”

“Begi analo Mwalimu. Yuko hapa.”

Mwanangu, sijui kama umewahi kusubiri kitu ambacho hakuna mtu anayekosea. Yule dada wa kaunta hakukosea. Nilimweleza, akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, “Eish, baba, bila pasipoti siwezi hata kuwaandika.” Alituacha tusimame pembeni ya kaunta yake mpaka dakika ya mwisho, akawa anahudumia wengine kwa taratibu, nadhani kwa ajili yetu. Kisha akafunga. Vijana walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao. Makame peke yake alikuwa amesimama, mguu mmoja, uso kwenye mlango wa kuingilia, na kila mlango ukifunguka alinyoosha shingo.

Ndege iliondoka. Iliyofuata ilikuwa ya kesho yake, na hiyo ingetua Morisi mechi imekwisha.

Muda mrefu baadaye mlango ukafunguka akaingia Mwalimu Shaame, peke yake. Alikuwa ameshuka garini akatembea. Alipita kwa miguu kati ya magari yaliyokwama, akapita kando ya matairi yale, akatembea mpaka alipopata upande wa pili mtu wa kumpa lifti. Suti yake ilikuwa imejaa masizi. Begi lilikuwa kifuani, amelikumbatia kwa mikono miwili. Hakuuliza ndege iko wapi. Alilifungua, akatoa pasipoti, akaanza kuita majina. Alianza na la Makame, akaendelea, na kila aliyeitwa aliinuka akachukua ya kwake akarudi kukaa. Hakuna aliyemwambia aache. Alipomaliza aliligeuza begi juu chini kuhakikisha halina kitu, ndipo akatuuliza, “Tumechelewa kidogo?”

Papa Ilunga alimshika bega akamkalisha.

Ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo walihitaji mahali pa kulala. Mara hii hakuna aliyebishana. Papa Ilunga aliwapeleka kwenye ile nyumba ya mikutano ya kanisa lao, Kempton Park. Kina mama wa Kikongo walikuwa wameshatandika matela, yale magodoro yao, mstari mmoja, safi, na mwenye kuswali alioneshwa kona yake bila hata kuuliza. Vijana walilala pamoja siku mbili ambazo hazikuwa na maana tena. Jumapili, saa ya mechi ilipofika, hakuna aliyeitaja. Walilala chali wanaangalia dari. Kisha simu ya mmoja ikatoa mlio, akasoma, akaigeuza kifudifudi. Klabu yetu ilikuwa imehesabiwa imefungwa mabao matatu kwa kutofika, na imetolewa. Makame alikaa akaanza kulifungua goti lake, mzunguko kwa mzunguko, akakikunja kile kitambaa vizuri akakiweka kwenye kiatu.

Bi Zuhura alikuja jioni ile na chupa kubwa ya chai. Aliwapa vijana kwanza, akampa Mwalimu, akakaa naye kidogo. Kisha akatuita sisi wanaume wa chama nje, ubavuni mwa minibasi, tukajipanga mbele yake kama watoto waliovunja chungu.

“Nani kati yenu alimsikia yule mzee akisema anataka kulala na vijana wake?” aliuliza.

Sote tulikuwa tumesikia.

“Mlisikia sauti. Haja yake hamkuisikia. Mtu mpole akikwambia jambo mara mbili, ujue amejilazimisha. Nyinyi mkaona upole wake ni nafasi ya kumvuta.”

“Bi Zuhura, wallahi tulikuwa na nia njema,” alisema Mbarouk. Alikuwa hajalala, macho mekundu.

“Najua. Na nia njema hiyo ni yako, Mbarouk, baki nayo. Wao walikuwa wanahitaji kulala karibu na ndege. Mkongo asiyewajua hata majina aliliona, kwa sababu yeye hakuwa anataka kitu kutoka kwao. Sisi tulikuwa tunataka. Kila mmoja alitaka atajwe.” Alisema sisi, mwanangu, ingawa yeye alikuwa ametuonya. Kisha akamtazama Papa Ilunga aliyekuwa ameegemea usukani. “Na huyu mlimcheka.”

Papa Ilunga alisema, “Mama, ile imepita.” Bi Zuhura akamjibu kwamba haijapita, ndiyo kwanza imeanza, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Maana kule nyumbani hakuna aliyekwenda kuwapokea. Maneno yalikuwa yametangulia. Walisema Mwalimu alikuwa anakula karamu Johannesburg wakati ndege inaondoka, na wengine wakasema ameuza mechi. Nilipiga simu kwa wazee wa klabu kueleza. Mmoja akaniambia, “Nyinyi mliowalisha ndio mnaowatetea?” na akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa. Mwalimu mwenyewe, kila alipoulizwa, alisema neno moja: njia ilifungwa. Hakusema kwamba alituomba. Hakumtaja Mbarouk. Aliona ni aibu kumsema mtu ambaye umelala kwake. Wakamwondoa kwenye klabu aliyoilea tangu ikiwa ya watoto wa shule, na Makame ananiambia hakupita tena hata njia inayoelekea uwanjani, alikuwa akizunguka kwa nyuma.

Msimu uliofuata klabu yetu haikuitwa. Uliofuata, mashindano yenyewe yakafifia, mara hakuna udhamini, mara visiwa viwili tu vimejibu, hata yakaachwa. Kwa hiyo hapakuwa na siku ya kulipiza. Watu husema mpira una kesho. Ule haukuwa nayo. Goti la Makame halikurudi uwanjani, na wale watoto wa mtaani siku hizi hawamuulizi kitu.

Mbarouk hakuweza kukaa nalo. Mwaka 2019 alifunga duka wiki nzima akaenda Pemba kwa ajili hiyo tu, amwombe radhi Mwalimu uso kwa uso, kisha aende naye kwa wazee wa klabu akaseme kweli mbele yao. Aliniambia ilivyokuwa. Mwalimu alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Akachinja kuku. Akamtandikia kitanda chake mwenyewe, yeye akalala mkekani. Kila Mbarouk alipofungua mdomo, “Mwalimu, nimekuja kwa sababu ya siku ile,” mzee alimsogezea sahani, akamwambia, “Kula kwanza, umetoka mbali.” Asubuhi ilikuwa hivyo, mchana hivyo, siku ya pili hivyo. Mbarouk alirudi Soweto na maneno yake yote yamo kifuani. Mwalimu alifariki kabla mwaka haujaisha. Na Mbarouk tangu hapo haji kwenye vikao vyetu. Ukimwalika anashukuru, anasema duka halina mtu.

Watu wana methali, nia njema ni tabibu. Nimeisema mwenyewe mara nyingi. Lakini nimeona nia njema ikimuua mtu taratibu, naye akiishukuru. Kwa hiyo sikuambii usiwe mkarimu. Ukarimu ni mali pekee tuliyotoka nayo kwetu ambayo hakuna mtu wa mji huu aliyeweza kutuvunjia mlango akaibeba. Nakwambia tu uutazame unapoutoa, uone unamtazama nani. Kama unaona sura yako mwenyewe jinsi itakavyosifiwa, simama. Mgeni akikwambia haja yake kwa sauti ya chini, usiipandishie yako. Akikataa mara ya kwanza, mwamini. Usimlazimishe afike ya tatu, kwani watu wazuri hawafiki huko, na ni hao hao wazuri tunaowaumiza. Na mtu wa nje akileta rai ambayo haina sifa ndani yake kwa yeyote, isikilize mara mbili.

Wewe utafanya vizuri kuliko sisi. Nimekuona unavyouliza maswali kwenye kikao, watu wananuna na wewe huogopi. Endelea hivyo. Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana kuliko mlango wako, akupe wakubwa wa kukukemea wakati bado inafaa, na wageni wako wafike walikokuwa wanakwenda.

Mgeni wa kwanza akishuka, kabla salamu hazijaisha na kabla chakula hakijatajwa, muulize kesho anatakiwa awe wapi na saa ngapi. Kisha mlaze karibu na hapo, yeye na wenzake wote, na uondoke uwaache walale.